Haki ya Mwenda kwa Miguu: Khabari za Masasi na Newala

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama barazani kwa tawi, baada ya sala ya Alasiri. Tunaichapa kama ilivyosomwa.)



Halmashauri ya tawi imetutaka tuzungumze leo juu ya njia na usalama wa watu waendao kwa miguu. Khabari hiyo ilipotangazwa, wako wenzetu waliocheka, wakasema: "Watu wanangoja kusikia khabari za daftari la wapiga kura na za katiba, nyinyi mnataka kuwahutubia juu ya matuta na mitaro?" Jawabu yetu kwao ni fupi. Aliyeuawa na gari hapigi kura, na mtoto aliyevunjwa mguu mbele ya mlango wa skuli hatoulizwa hospitali kwamba baba yake ni wa chama gani. Chama kinachotaka kukabidhiwa nchi hakina budi kiweze kusema, kwa maneno ya wazi na kwa vipimo, bibi kizee apite wapi anapotoka kwake kwenda dukani. Ikiwa hatuna la kusema juu ya hilo, basi tusiwashangae watu wakituambia kwamba sisi twajua siasa tu.

Wako pia waliouliza kwa nini tuanze na Masasi na Newala, miji iliyoko mbali huko kusini ya Bara karibu na mto Ruvuma. Sisi tunaofuata soko la korosho tumekwenda huko na tumeyaona kwa macho. Juu ya hayo, uhusiano baina ya miji hiyo na kisiwa chetu ni wa zamani kuliko vyama vyote. Katika mwaka 1876 Askofu Edward Steere, wa misheni ya Kiingereza iliyokuwa na makao yake Unguja, aliwachukua watu waliokombolewa utumwani, wakasafiri kwa chombo mpaka Lindi, na kutoka Lindi wakaenda kwa miguu kuelekea Ziwa Nyasa walikochukuliwa. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali makubwa, wakatua hapo na wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa huko wakiwaita Magwangwara, wakaushambulia mji, na misheni ikahamia Newala juu ya uwanda. Hatutaki leo kuufungua mjadala wa utumwa, maana una siku yake na una watu wake. Tunataka mjue tu kwamba wako watu Masasi ambao wazee wao walitoka kwetu, na walifika kule kwa nyayo zao.

Baada yao kila mtu wa nchi ile ameendelea kwenda kwa miguu. Masasi iko bondeni, na Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa, pahala ambapo mtu akisimama penye Shimo la Mungu huiona nchi yote ya chini imelala mbele yake. Uwanda ule ni wa mchanga, mvua inyeshayo huzama, na maji yamekuwa tabu tokea zamani. Wanawake wa Newala walikuwa wakishuka mabondeni na kupanda tena na vyombo vya maji kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyasukuma maji kutoka chini kuyapandisha juu. Lakini bomba likikatika, ndoo hurudi kichwani. Tunaomba muikumbuke ndoo hii, maana tutairejea. Mtu mwenye ndoo ya maji kichwani hawezi kuigeuza shingo yake kwa haraka kutazama kulia na kushoto.

Sasa tuyatazame magari, na yametoka wapi. Baada ya mwaka 1947 Waingereza walijenga reli ya kusini kwa ajili ya ule mpango wao wa karanga, ambao ulishindwa vibaya. Mwaka 1958 reli hiyo ilipelekewa tawi mpaka Masasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Hapana mtu aliyelia sana wakati huo, maana magari yalikuwa machache na mizigo ilikuwa kidogo. Lakini tangu siku ile kila gunia la korosho la kusini limekuwa halina njia nyingine ila njia ya gari, na njia ya gari inapita baina ya nyumba za watu. Msimu ukifunguliwa, kuanzia mwezi wa Oktoba, korosho hukusanywa katika vyama vya msingi, hupelekwa maghalani, huuzwa kwa mnada, na kutoka maghalani hupakiwa malori kwenda bandarini. Msimu wa 2018, bei ilipozusha mgogoro, hata malori ya jeshi yaliingizwa katika kazi hiyo.

Korosho angalau ina msimu. Makaa ya mawe hayana. Lami ilipokamilika kutoka Songea kupita Tunduru na Mangaka mpaka Masasi, ilifunguka njia moja kutoka migodi ya makaa ya mkoa wa Ruvuma mpaka bandari ya Mtwara. Ikaja bei kubwa ya makaa ulimwenguni katika miaka ya 2021 na 2022, na malori yakaanza kushuka kwa wingi ambao watu wa Masasi hawakupata kuuona, yakipita katikati ya mji, kisha Ndanda, kisha Mnazi Mmoja, mpaka Mingoyo na Mtwara. Ongezeni na magari ya Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010 kuiunganisha nchi na Msumbiji. Mzigo huo wote sasa unapita mbele ya duka la chumvi na sabuni.

Hatusemi kwamba lami ni mbaya, na yeyote atakayetoka hapa akaenda kusema kwamba chama chetu kinaipinga lami atakuwa ametuzulia. Watu wa Newala wameililia lami miaka na miaka. Mgonjwa aliyepakiwa kwenye gari lililozama mchangani, na mama mwenye uchungu wa kuzaa, wao ndio wanaojua thamani ya lami. Kipande cha kilomita 50 kutoka Mtwara mpaka Mnivata kilitangulia. Na mwaka 2023 ikatiwa saini mikataba ya kilomita 160 zilizobaki, kutoka Mnivata kupita Tandahimba na Newala mpaka Masasi, kwa fedha za mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hiyo ni kheri, na tunawapongeza waliyoipigania.

Tunalosema ni hili. Mchanga ulikuwa ni mlinzi. Gari lililokuwa likipita mchangani lilikuwa likinguruma kutoka mbali na likienda polepole, na mtoto alikuwa na wakati wa kutoka njiani. Siku lami inapowekwa, mlinzi yule huondolewa kwa siku moja, na aghlabu hawekwi mwengine mahala pake. Nyumba ni zile zile, skuli ni ile ile, msikiti ni ule ule, na mtoto ni yule yule aliyezowea kucheza kando ya njia. Kilichobadilika ni mwendo wa gari.

Naam, tuufanyie hesabu mwendo huo, kama tunavyofanya hesabu ya daftari la deni, kwa nambari.

Njia ya kawaida ya lami ina upana wa kiasi cha mita 7. Tumkadirie mama mwenye ndoo, au mzee wa mkongojo, kuwa anakwenda mita 1 kwa sekunde. Basi anataka sekunde 7 kuvuka. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo ulioruhusiwa na sheria ya Bara katika maeneo ya makaazi, hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde. Katika zile sekunde 7 litakuwa limekwisha kuja mita 97. Likiwa linakwenda 80, litakuja mita 155, nao ni urefu wa uwanja wa mpira mmoja na nusu. Likiwa linakwenda 30, halifiki hata mita 60. Maana yake ni kwamba yule mama, kabla ya kuinua mguu, anatakiwa awe na yakini kwamba katika uwanja mmoja na nusu wa mpira, kulia na kushoto, hapana gari lijalo. Na mbele ya macho yake limesimama lori lililoegeshwa, na nyuma ya lori kuna kona, na juu ya kichwa chake kuna ndoo. Mwambieni basi kwamba kosa ni lake.

Na breki nazo zina hesabu yake. Mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimamisha gari kwa breki huzidi mara nne. Shirika la Afya Ulimwenguni limeeleza kwamba mtu aliyegongwa na gari lililokuwa likienda kilomita 65 kwa saa yumo katika khatari ya kufa mara nne na nusu kuliko aliyegongwa na gari la kilomita 50. Tofauti ya 50 na 65 dereva haisikii hata kidogo. Ni unyayo kukandamiza kwa wepesi tu. Kwa mwenda kwa miguu, tofauti hiyo ndiyo iliyo baina ya plasta ya mguu na sanda.

Tulisimama pale Masasi wakati wa kutoka skuli. Watoto wa Kimakonde, wa Kiyao na wa Kimakua wanatoka makundi kwa makundi, wakubwa wamewashika wadogo mikono. Wanafika ukingoni mwa lami, wanasimama. Lori linapita, upepo wake unazipeperusha nguo zao. Nyuma ya lori kuna pikipiki mbili zinazokimbilia abiria, na hizo hazikuonekana mpaka lori lilipokwisha kupita. Yule mkubwa wao, msichana ambaye hakupata miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa akitoa amri: "Bado! Bado! Haya!" Tukajiuliza, ni nani aliyemwajiri mtoto huyu kazi ya askari wa njia, na analipwa nini? Tena hayo ni ya mchana. Usiku, watu wanapotoka sala ya Isha, au katika miezi ya kiangazi baada ya mavuno, wakati wa jando na unyago ambapo watu hupita makundi kwa ngoma, giza hulifanya kila kanga na kila kanzu kuwa kivuli.

Tuseme neno pia juu ya wenzetu wa biashara, maana haki haina upendeleo. Pembeni mwa njia ya lami, baina ya mtaro na ukuta wa duka, aghlabu hubakia ukanda mwembamba wa ardhi. Ukanda huo ndio njia ya mwenda kwa miguu, hata kama hapana aliyeuandika hivyo. Anakuja mwenye duka anaweka magunia, anakuja mwenye meza ya simu, anakuja muuza mitumba anatandaza, wanakuja vijana wa bodaboda wanapanga pikipiki zao. Kila mmoja amechukua hatua mbili tu, lakini mpita njia ameondolewa pote, hana budi ashuke kwenye lami. Wanavyuoni wetu wameliandika jambo hili tokea karne nyingi. Tulisoma chuoni kwamba njia ni ya watu wote, na hapana aruhusiwaye kutoa baraza au kuegemeza kitu kikamdhuru mpita njia. Na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliifanya kazi ya kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni katika matawi ya imani. Sayyidna Omar naye inasimuliwa kwamba aliogopa kuulizwa na Mola wake juu ya nyumbu atakayejikwaa nchi ya Iraq kwa sababu njia haikutengenezwa. Nyumbu! Sisi hatujafika hata kwa nyumbu. Tunaomba wanaadamu watengenezewe.

Lakini haifai kumlaumu muuza mitumba peke yake. Yeye amekaa pale kwa sababu mji haukumpa pahala pengine, na kwa sababu wateja wake ndio wale wale waendao kwa miguu. Mumfukuze leo, kesho atarudi. Mji ukimkatia pahala karibu na stendi, na ukaujenga ule ukanda kwa ukingo wa zege ulioinuka, mambo hujipanga wenyewe.

Maadam tumetaja dini, liko neno moja linalosemwa sana misibani, nalo ni kwamba ajali ni kudra. Kudra ni haki, na hapana Muislamu anayeikataa. Lakini aliyeambiwa amtegemee Mungu aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza. Kuacha njia bila ya kivuko mbele ya skuli, kisha mtoto akafa, kisha tukasema ni kudra, huko ni kumsingizia Mwenyezi Mungu kazi ya mhandisi. Wakubwa nao wana neno lao, kwamba watu hawajui kuvuka, wapewe elimu. Elimu ni njema, ifundishwe. Lakini mtoto wa miaka saba hawezi kuukadiria mwendo wa lori, hata ukimfundisha mwaka mzima. Akili yake bado haijakomaa kwa kazi hiyo. Njia ndiyo inayotakiwa imjue mtoto, kwa kuwa yeye bado haijui njia.

Na kwamba inawezekana, ushahidi upo ndani ya nchi hii hii. Mjini Dar es Salaam shirika moja liitwalo Amend lilianzisha mpango unaojulikana kwa jina la SARSAI, wa kuzitazama njia za skuli za msingi zilizokuwa na watoto wengi wenye kuumizwa na magari. Hawakujenga madaraja ya mamilioni. Walikwenda kutazama watoto wanapita wapi hasa, kisha wakaweka njia za miguu, matuta, mistari ya kuvukia, vigingi vya kuzuia magari yasipande pembeni, na alama. Pengine waliuhamisha mlango wa skuli tu, ukatoka njia kuu ukaelekea uchochoroni. Wataalamu walipozilinganisha skuli zilizotengenezewa na zisizotengenezewa, wakaona majeraha ya watoto yamepungua kwa kiasi cha asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tunzo kubwa ya ulimwengu, tunzo ya WRI Ross. Zingatieni jambo la mlango. Mlango wa skuli ni ukuta kutobolewa upande huu na kuzibwa upande ule: mifuko michache ya saruji na fundi mmoja. Serikali isiyoweza kuhamisha mlango isituambie kwamba haina fedha.

Jambo kubwa ni wakati. Kitu cha mwenda kwa miguu kikiwamo katika mchoro tokea mwanzo, gharama yake humezwa na gharama ya njia. Kikisahauliwa, huja baadae kwa kuombwa, na huja baada ya makaburi. Kenya ilifungua njia kuu ya Thika mwaka 2012, njia pana ya kilomita 50 ya kupendeza, na madaraja mengine ya kuvukia watu yakawa hayajakwisha. Watu wakawa wanakimbia kukatiza mbele ya magari, na wako waliokufa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa miongoni mwa waliotoa mkopo wa njia hiyo, na ndiyo hii hii ya njia ya Newala. Benki hiyo ina kanuni ya kutaka ripoti ya athari za mradi mkubwa juu ya watu na mazingira iwekwe wazi. Basi kuna jambo la kufanya. Diwani wa Newala, au mwalimu, au imamu, anaweza kuitaka ripoti hiyo, akafungua ukurasa unaohusu kijiji chake, akauliza: kivuko kiko wapi, njia ya miguu ina upana wa mita ngapi, taa ziko wapi, na matuta yako mbele ya skuli zipi? Si uasi kuuliza hivyo. Deni litalipwa na wajukuu wa hao hao waulizao.

Wenzetu wa Ulaya walianza zamani, na hawakufika kwa siku moja. Tarehe 17 Agosti 1896 mwanamke mmoja, Bridget Driscoll, aligongwa na gari huko Crystal Palace, London, akafa. Yeye ndiye wa kwanza kuuawa na motokaa katika wenda kwa miguu wa Uingereza. Inasimuliwa kwamba aliyeendesha uchunguzi wa kifo chake alitamani jambo kama hilo lisitokee tena. Hesabu ya Shirika la Afya Ulimwenguni kwa mwaka 2021 ni watu milioni 1 na laki 1 na 90 elfu waliokufa njiani ulimwengu mzima, na katika kila mia moja yao, 23 walikuwa waendao kwa miguu. Afrika ina magari machache kuliko mabara mengine, na juu ya hivyo ndiyo inayotangulia kwa vifo kwa kila watu laki moja. Waingereza wao walipaka mistari yao ya kuvukia, iliyo kama ngozi ya punda milia, mwaka 1951. Rangi nyeupe si teknolojia ya kutushinda.

Sasa turudi nyumbani. Njia si jambo la Muungano. Kila upande una njia zake na una sheria yake ya njia. Lakini Jeshi la Polisi ni la Muungano. Askari anayesimama Masasi na askari anayesimama Darajani wanavaa nguo ya jeshi moja, na mwananchi anayeumizwa huku na anayeumizwa kule ana mwili wa namna moja. Mnazijua njia zetu. Bububu mpaka Mahonda na Mkokotoni, Tunguu mpaka Makunduchi, na kwa ndugu zetu wa Pemba, Mkoani mpaka Chake Chake: pote huko nyumba zimekaa ukingoni, misikiti imefungua milango yake njiani, na watoto wa chuo wanatoka Magharibi na juzuu mikononi. Visiwa vyetu havina makaa ya mawe, lakini vina magari ya watalii yanayowahi ndege, na vina gari za abiria zinazoshindania vituo. Wazee wanakumbuka kuhadithiwa gari moshi la Bububu la tangu 1905, lililokuwa likipita ubavuni mwa nyumba za mji likipiga kengele. Lile lilikuwa na kengele, na lilikuwa na reli lisiloweza kuiacha. Haya ya leo hayana kimojawapo.

Wako wanaosema tuwaachie watawala kazi hii, kwa kuwa ndio walioshika fedha. Tumewaachia. Tulichokipata aghlabu ni tuta moja linalojengwa na vijana wa mtaa kwa mawe na udongo, usiku, baada ya maziko. Tuta la namna hiyo halina alama wala rangi, na mwenye pikipiki huja akaanguka juu yake. Hasira ya watu ni ya haki, lakini tuta la hasira nalo huuwa.

Kwa hivyo halmashauri imepanga kazi, na sisi tumetakiwa kuieleza. Katika kila shehia watatoka watu wanne, wawili wanaume na wawili wanawake, na mmoja wao awe mwalimu au mama mwenye mtoto wa skuli. Watakwenda kwa miguu njia yote ya shehia yao mara mbili: asubuhi ya siku ya skuli, na jioni baina ya Alasiri na Isha. Watachukua futi kamba. Wataandika mlango wa skuli unaelekea wapi, na ni mita ngapi kutoka ukingo wa lami. Ukanda wa kupita watu una upana gani, na umezibwa na nini. Watu wanavuka wapi kwa kweli, si pale tunapodhani wangevuka. Taa ipi haiwaki. Na ni pahala gani watu wa mtaa wanakumbuka mtu kugongwa. Majina ya marehemu yasiandikwe, waachwe wapumzike. Uandikwe mwaka na pahala.

Jambo moja lizingatiwe sana. Karatasi hizi zisipigwe muhuri wa chama. Mtu wa chama kile kingine, ikiwa mtoto wake anavuka njia ile ile, aombwe atie sahihi yake, na akitaka jina lake liwe la kwanza, liwe la kwanza. Nakala moja apewe sheha, na atie sahihi ya kupokea. Akikataa, iandikwe tarehe na saa aliyokataa. Nakala ya pili ipelekwe Baraza la Mji au Halmashauri ya Wilaya, kwa mujibu wa pahala. Ya tatu ibaki kwetu. Na ya nne tunaomba ruhusa yenu tuipeleke kusini tutakapokwenda msimu ujao, kwa marafiki zetu wa Newala, ili waone namna ya kuandika yao kabla lami haijakauka mbele ya milango yao.

Karatasi zimo mezani kwa Katibu, na futi kamba tatu zimetolewa na wanachama. Wenye nyengine walete. Zirudi kabla ya mkutano wa mwezi ujao.

Wassalaam alaykum.